Ameacha chang'aa, sasa anauliza kama ndiye aliyemdhuru mwanawe. Aambiwe nini?

*"Mimi ni mhudumu wa afya ya jamii hapa Korogocho. Kati ya nyumba ninazozitembelea kuna mama wa miaka 29 aliyekuwa akipika chang'aa na kuinywa. Ameacha, na sasa ametimiza miezi saba. Ana mvulana wa miaka sita, yuko PP2, darasa la mwisho la chekechea. Mwalimu analalamika kwamba leo mtoto hakumbuki alichokijua jana, hatulii kitini, anawapiga wenzake, na akiulizwa kwa nini anabaki kukodoa macho tu. Nyanyake anasema ni ukaidi, dawa yake kiboko. Mama mwenyewe anakiri kuwa alikunywa hadi mimba ilipofika kama miezi mitano, akaacha, kisha akarudia mtoto alipozaliwa. Wiki iliyopita alisikia kwenye redio kwamba pombe huumiza ubongo wa mtoto tumboni, akaniuliza, 'Kwa hivyo ni mimi nilimharibu?' Nikamwambia hapana, ni mipango ya Mungu. Tangu siku hiyo akiniona anatazama chini. Nilikosea wapi? Nimwambie nini bila kumrudisha kwenye pombe? Na huyu mtoto anaweza kusaidiwa?"*

Dada yangu, ulitaka kumtua mzigo, lakini ulimwongezea. Alipokuuliza, jibu alikuwa analo tayari. Alichokuwa akitafuta ni mtu mmoja anayeweza kulisikia neno hilo bila kushtuka. Ulipomwambia hapana, alielewa kuwa hata wewe linakuogopesha, akabaki nalo peke yake. Mama aliyeacha pombe miezi saba tu, akiachwa peke yake na jambo zito namna hiyo, yuko karibu na kikombe kuliko anavyoonekana.

Kwa hivyo rudi kwake, na usingoje ziara ya mwezi ujao. Chagua saa ambayo mtoto yuko shuleni na nyanya hayupo. Acha daftari kwenye mkoba. Anza na kosa lako: "Siku ile uliniuliza swali, nikaogopa kulijibu. Nisamehe. Ukitaka, tuliongee leo." Halafu nyamaza. Ukimya huo utakuuma, utatamani kuujaza na mstari wa Biblia au na "usijali". Usiujaze. Akilia, mwache alie.

Akiwa tayari, mwambie ukweli kwa kipimo chake. Mimi ningesema hivi: "Pombe uliyokunywa ukiwa na mimba inaweza kuwa ndiyo chanzo cha shida tunazoziona. Hatuna uhakika bado, tutampeleka apimwe. Hukunywa ili umwumize. Ulikuwa umeshikwa na pombe, na hakuna aliyekaa nawe akakueleza. Ulipoacha mwezi wa tano, ulimkinga kwa miezi iliyobaki. Na kazi unayoifanya sasa ya kutokunywa ndiyo dawa kubwa kuliko zote atakazopata." Maneno haya hayafuti lawama yote, na hayapaswi kuifuta. Mtu anayepona anahitaji kuutazama ukweli bila kusagwa nao. Tofauti ni hii: "nilifanya jambo lililomdhuru mwanangu" ni majuto, na majuto yana pa kwenda, kwa sababu kuna la kufanya kesho asubuhi. "Mimi ni mama mbaya" ni aibu, na aibu haina pa kwenda ila kwenye kikombe. Ukimsikia akianza kusema sentensi ya pili, mrudishe taratibu kwenye ya kwanza.

Siku hiyo hiyo muulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Akisema ndiyo, na hasa akikwambia angefanyaje, usimwache peke yake. Mpelekeni hospitali siku hiyo.

Sasa nikueleze kinachotokea tumboni, kwa sababu bila kukielewa utashindwa kumjibu nyanya, na nyanya ndiye atakayekusumbua zaidi. Mama akinywa, pombe huingia kwenye damu yake, na kondo la nyuma haliizuii. Baada ya muda mfupi kiwango kilichomo katika damu ya mtoto hukaribia kile cha mama. Ini la mama lina uwezo wa kuivunja pombe hiyo. Ini la mtoto bado ni changa. Isitoshe, sehemu ya pombe hubaki katika maji yanayomzunguka mtoto, naye huyameza tena. Mama anaweza kuwa amelevuka kitambo huku mtoto bado ana pombe mwilini.

Ubongo nao unajengwa miezi yote tisa. Mfikirie fundi wa umeme anayetandaza nyaya ukutani kabla ya plasta kupigwa. Pombe hukata nyaya nyingine, nyingine huzipotezea njia zikaishia mahali pasipo pake. Nyumba inapokwisha kupakwa rangi huoni kitu. Unagundua siku unapobonyeza swichi. Sehemu zinazoumia sana ni ile ya mbele inayomwezesha mtu kujizuia na kupanga, ile inayohifadhi kumbukumbu, ile ya nyuma inayosawazisha mwendo, na daraja linalounganisha pande mbili za ubongo. Madaktari huyaita madhara haya yote kwa pamoja FASD.

Kuna wanaodhani chang'aa ndiyo mbaya na bia haina neno. Pombe ni ileile katika bia, kegi, mvinyo, busaa na chang'aa, na hakuna kiwango kinachojulikana kuwa salama kwa mimba. Chang'aa ina hatari zaidi kwa sababu hakuna anayejua ukali wa kikombe alichopewa, na wakati mwingine hutiwa sumu nyingine. Wengine watakwambia mtoto hana alama usoni, kwa hivyo hana shida. Alama hizo ni macho yenye mpasuo mfupi, mdomo wa juu mwembamba, na ile mifereji kati ya pua na mdomo kuwa laini bila kuonekana. Hutokea pombe ikikutana na siku chache tu katika majuma ya mwanzo ya mimba, uso unapoumbika. Watoto wengi walioumizwa na pombe hawana hata moja. Na usimruhusu mtu kumlaumu mama kwa kutojua: madaktari wa Nantes, Ufaransa, waliandika kuhusu watoto hawa mwaka 1968, na ni mwaka 1973 tu ndipo wenzao wa Seattle, Marekani, walipoipa hali hiyo jina. Udaktari wenyewe ulichelewa.

Tuje kwa mvulana. Jioni moja mama yuko mbele ya jiko, anamwambia: "Weka viatu chini ya kitanda, unawe mikono, halafu uniletee sufuria ya ugali." Mtoto anainama, anashika kiatu kimoja. Hapo anamwona paka wa jirani mlangoni. Anasimama na kiatu mkononi, anamtazama paka. Mikono imesahaulika na sufuria haikuwahi kuingia. Mama anageuka, anaona mtoto mzima wa miaka sita amesimama kana kwamba anamdharau. Anapaza sauti. Mtoto anatupa kiatu, anapiga kelele. Nyanya anasema, "Nilikwambia."

Yaliyotokea ni kwamba kikapu chake hubeba neno moja kwa wakati mmoja. La pili likiingia, la kwanza linadondoka. Na kumbukumbu yake haipotei moja kwa moja. Inakuja na kwenda. Jumatatu anaijua herufi, Jumanne haipo, Jumatano imerudi. Hilo la Jumatano ndilo linalomponza, kwa maana mwalimu anasema, "Kumbe anajua, hataki tu." Hapana. Anataka, hawezi. Neno hilo moja, *hawezi* badala ya *hataki*, likikaa vizuri nyumbani humo, nusu ya kazi yako imekwisha.

Ndiyo maana kiboko hakifanyi kazi. Ili kiboko kifundishe, ni lazima mtoto aunganishe maumivu ya sasa na kosa la dakika kumi zilizopita, kisha kesho akumbuke muungano huo kabla ya kunyoosha mkono. Huo ndio waya uliokatika. Anachojifunza ni kumwogopa nyanya, na mtoto mwenye hofu hupiga wengine zaidi. Nyanya akitaja mila, mjibu kwa heshima kwamba shuleni kiboko kimekatazwa na sheria, kisha umuulize: kwa mtoto huyu kimeshajaribiwa miaka mingapi? Kimesaidia nini?

Badala ya kiboko, mfundishe mama hivi. Asimame mbele ya mtoto, amguse bega, aseme jambo moja kwa maneno matatu au manne: "Viatu chini ya kitanda." Ahesabu moyoni hadi kumi kabla ya kurudia, kwa sababu ubongo wake unachelewa kupokea. Akirudia, arudie kwa maneno yaleyale. Akiyabadilisha, kwa mtoto hiyo ni amri mpya. Viatu vikishawekwa, amsifu, ndipo aseme la pili. Achukue katoni, achore kwa kalamu picha nne za asubuhi zifuatane: kukojoa, kunawa, sare, uji. Aitundike usawa wa macho ya mtoto, na kila asubuhi mtoto aguse picha kwa kidole kabla ya kufanya. Picha haisahau na haikasiriki. Katika chumba kimoja chenye redio ya jirani ukutani, leso iliyotundikwa pembeni ya kitanda inampa mtoto mahali pa kujificha kelele zikimzidi. Asipelekwe huko kama adhabu, la sivyo pataharibika. Kabla ya kuhama jambo moja kwenda lingine, aonywe mapema, kisha aonywe tena: "Ukimaliza uji, tunatoka."

Kipimo kizuri cha matarajio, ingawa si cha kisayansi kabisa, ni kumfikiria kama mtoto wa nusu ya umri wake. Je, mtoto wa miaka mitatu ungemtuma dukani avuke barabara peke yake? Ungemwachia jiko linalowaka? Jibu hilo ndilo la kumtumia huyu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo washauri wengi hulikosa. Huwa tunamfundisha mama kutokunywa Jumanne, tukamfundisha kulea Alhamisi, kana kwamba ni watu wawili. Ratiba inayomtuliza mtoto ndiyo hiyo hiyo inayomlinda mama. Wanaopona hufundishwa kuchunga njaa, hasira, upweke na uchovu, kwani hayo manne ndiyo humrudisha mtu kwenye pombe. Mtazame mtoto anapolipuka: mara nyingi utayakuta hayo hayo. Jioni, kati ya saa kumi na mbili na saa mbili usiku, yote hukutana. Mtoto amechoka na shule, mama amerudi kufua nguo za watu, hajala tangu asubuhi, ana pesa ya siku mkononi, na mapango ya pombe ndipo yanachangamka. Mkikaa kupanga, panga saa hizo mbili kwanza.

Kwa mfano, uji au githeri iliyobaki iliwe saa kumi na moja, na wote wawili, kabla ya kupika chochote. Anaporudi kazini apite njia isiyo na wateja wake wa zamani, hata kama ni ndefu kwa dakika kumi. Sehemu ya pesa aikabidhi kwa mweka hazina wa chama kabla ya kufika nyumbani. Saa moja jioni awe na mtu wa kumpigia simu kila siku, si siku ya shida tu; mtu akizoea kupiga siku njema, mkono hautasita siku mbaya. Saa mbili mtoto alale, kwa mpangilio uleule kila usiku: kunawa miguu, wimbo mmoja, taa. Kisha muulize riziki inatoka wapi, kwa sababu mama aliyekuwa akipika chang'aa amepoteza kinywaji na pia amepoteza duka. Nyumba isiyo na kodi ya mwezi haiponi kwa nasaha.

Angalia pia jambo moja kwa upole. Je, mama yake naye alikunywa akiwa na mimba yake? Katika familia ambazo pombe ndiyo biashara ya nyumbani, si ajabu mama mwenyewe akawa aliumizwa tumboni. Anasahau siku za kliniki, anaitikia kila kitu halafu hafanyi, pesa hazikai naye. Usimpachike jina. Wewe badilisha mwendo wako: jambo moja kwa ziara, picha badala ya maelezo, simu ya kumkumbusha asubuhi ya siku yenyewe. Pale Seattle kuna mpango ulioanza mwaka 1991 ambao mshauri huandamana na mama aliyekunywa au kutumia dawa za kulevya akiwa mjamzito kwa miaka mitatu mizima. Miaka mitatu, dada. Usijilaumu ukiona ziara nne hazijatosha.

Zungumzieni kuteleza kabla hajateleza. Andikeni kwenye karatasi majina ya watu watatu wanaoweza kumchukua mtoto usiku mmoja bila maswali. Akinywa, mtoto aende huko, na kesho yake mama akupigie. Ukipokea simu hiyo, neno la kwanza liwe "Asante kwa kupiga." Kama kuna mtoto mchanga ndani, asilale naye kitanda kimoja akiwa amekunywa, maana anaweza kumlalia. Asimnyonyeshe mpaka pombe iishe. Kukamua na kumwaga hakuharakishi, na kwa chang'aa hakuna hesabu ya saa unayoweza kuiamini, kwa hivyo mtoto apewe chakula kingine kinachofaa umri wake mpaka kesho. Na ikiwa amerudia kunywa sana kila siku kwa majuma, asikate ghafla nyumbani. Anaweza kupata kifafa katika siku mbili za kwanza, na kufikia siku ya tatu akatetemeka, akatoka jasho, akaona vitu visivyokuwepo. Hilo huua, ni la hospitali. Dawa za kupunguza hamu ya pombe zipo, huandikwa na daktari. Zile za kutiwa kwenye chai ya mtu bila kujua, mzikatae.

Kuhusu mtoto, anza kituo cha afya kwa masikio na macho, uzito na damu. Mtoto asiyesikia vizuri au mwenye upungufu wa damu anaweza kuonekana hivyo hivyo, na hayo yanatibika. Kisha ombeni rufaa kwa daktari wa watoto. Kwenu Hospitali ya Mama Lucy Kibaki iko karibu, na Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta ikihitajika. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayotoa jibu la FASD. Daktari hutegemea uchunguzi na historia, na kwa mtoto asiye na alama usoni, neno la mama kuhusu pombe ndilo ufunguo. Mwandae kwa hilo, umwambie atakwenda na wewe. Msirudi na huzuni mkikosa karatasi yenye jina hilo siku ya kwanza. Lililo muhimu ni mtoto apimwe anaweza nini na anashindwa nini. Kwa upande wa shule, ulizeni kituo cha EARC (cha kupima watoto wenye mahitaji maalumu) katika ofisi ya elimu ya eneo lenu, au KISE, taasisi ya elimu maalumu pale Kasarani, ambako watoto hupimwa mahitaji yao ya kujifunza. Fanyeni mwaka huu, kabla Gredi ya 1 haijamwelemea. Watoto wanaotambuliwa mapema na kukaa nyumba iliyotulia hukua vizuri kuliko wanaoachwa wakaitwa wakaidi hadi ujana. Kupona kabisa sitakuahidi, kwa sababu waya uliokatika tumboni haurudi. Kinachobadilika ni jinsi nyumba na darasa vinavyojipanga kumzunguka.

Mwalimu hana haja ya kujua habari za pombe. Aambiwe tu: "Ubongo wake hushika neno moja kwa wakati, mkalishe mbele, mwonyeshe kwa mkono." Nyanya aambiwe kiasi ambacho mama mwenyewe ataruhusu.

Usisahau mpango wa uzazi. Muulize kama anataka mtoto mwingine, na kama si sasa, vijiti na sindano vinapatikana kituoni. Mimba isiyotarajiwa humkuta mama katikati ya kuteleza.

Mtoto akizimia, akikodoa macho bila kuitika kwa sekunde kadhaa mara kwa mara, akipoteza alichokuwa akikiweza, au akijiumiza, msingoje miadi. Kwa mama, namba ya NACADA, mamlaka ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni 1192, nayo haina malipo. Ukihofia usalama wa mtoto, piga 116. Kwenye daftari lako la ziara usiandike "mlevi". Andika "yuko katika kupona, mwezi wa saba", na ziara ijayo mwonyeshe ulivyoandika.